WAJIBU WA WALEZI NA WATU WA KUJITOLEA KATIKA KAMBI ZA WATOTO

Mada iliyotolewa Same kwa walezi wa watoto, makatekista na wajumbe wa Halmashauri za Walei



Ndugu walezi, makatekista, na ninyi wazazi mliokubali kuacha shughuli zenu ili kuja kuketi nasi, tunawashukuru. Wengine mmeteremka alfajiri kutoka Vudee na Chome, wengine mmepanda gari Gonja na Kihurio mkauzunguka mlima mzima, na tunajua kwamba nauli imetoka mifukoni mwenu. Tulichoombwa kukisema leo ni jambo linaloonekana dogo: nani afanye kazi gani watoto wanapokusanyika kukaa na kulala pamoja kwa siku tano au saba wakati wa likizo. Tume ya Haki na Amani imelishika jambo hili, na wapo waliouliza, Tume ina nini na masufuria na magodoro? Tunadhani jibu litaonekana lenyewe kadiri tunavyoendelea.

Neno "kambi" masikioni mwa wengi wetu ni neno la askari au la wakimbizi. Hata hivyo kuwakusanya watoto mbali na nyumbani ili wafundwe si jambo jipya katika milima hii. Babu zetu Wapare waliwapeleka vijana mshituni, ndani ya msitu, wakakaa huko chini ya wazee waliojulikana kwa majina na kwa koo zao. Mwanahistoria Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha historia ya Wapare cha mwaka 1969, ameonyesha jinsi jando hilo lilivyofanywa kuwa nguzo ya utawala mzima katika Ugweno ya kale. Hatuwaiti mrudi mshituni. Tunataka mwone tu kwamba hata huko hakuna mtu aliyeingia kuwalea watoto kwa sababu alipita njiani akawa na nafasi.

Kwa upande wa Kanisa, Shirika la Utoto Mtakatifu lilianzishwa Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson, likafanywa kuwa Shirika la Kipapa mwaka 1922, na watoto wengi mnaowalea maparokiani ni watoto wa shirika hilo. Kambi zenyewe, kama tunavyozijua leo, ziliota mizizi Ulaya mwaka 1876, wakati mchungaji mmoja Mprotestanti wa mji wa Zürich, Walter Bion, alipowachukua watoto 68 wa familia maskini akawapeleka milimani Appenzell wapate hewa safi na chakula cha kutosha. Alijua kwamba peke yake hawezi, basi akawachukua walimu waende naye. Wazungu huziita kambi za kiangazi, kwa kuwa kwao likizo ndefu huangukia miezi ya joto. Kwetu likizo ya Juni huangukia kipupwe, na mtoto wa Makanya akipelekwa Chome mwezi huo bila sweta atakumbuka baridi kuliko mafundisho. Pamoja na hayo twasema Juni ni afadhali kuliko mwisho wa mwaka, maana vuli huku milimani si ya kuchezea. Mnakumbuka Novemba 2009, udongo ulipoporomoka kule Mamba Miamba na kufukia watu zaidi ya 20.

Msaragambo na ujira

Tuingie sasa katika kiini cha mazungumzo yetu. Katika kila kambi wapo watu wa namna mbili: wale wanaolipwa, na wale wanaojitolea. Taabu yetu kubwa katika maparokia mengi ni kwamba mstari kati ya hao wawili umefutika. Mpishi anaambiwa "jitolee kwa ajili ya Kanisa", mlinzi anaambiwa hivyo hivyo, kisha fedha za kambi zinakwisha kwa fulana na spika za muziki. Upande wa pili, kijana aliyejitolea kuongoza kundi la watoto haji siku ya pili, na akiulizwa hujibu kwamba yeye hakuajiriwa. Makosa haya mawili ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yanatokana na kudhani kwamba kujitolea ni kazi isiyo na mwenyewe.

Sisi watu wa Upare hatuna ruhusa ya kudhani hivyo, kwa sababu tunao msaragambo. Pembe inapolia, kila nyumba inajua kwamba kesho ni mfereji au ni ndiva. Anayesimamia anajulikana, kipande cha kila mmoja kinajulikana, na asiyefika hutozwa faini. Hapana anayelipwa, lakini pia hapana anayefanya apendavyo. Ndiva isipozibuliwa na kuzibwa kwa zamu, mahindi ya watu wote yanakauka, na maji hayamngojei mtu apate nafasi. Basi kijana anayejitolea kambini ajitolee kwa namna ya msaragambo: apewe kipande chake, ajue anawajibika kwa nani, na asipofika atafutwe na kuulizwa.

Lakini tuutazame mfano huo huo kwa upande wake wa pili, ambao hatupendi kuutazama. Msaragambo ni haki kwa sababu anayechimba mfereji ndiye anayekunywa na kumwagilia. Mama anayepika kwa ajili ya watoto 120, kuanzia uji wa saa kumi na moja alfajiri hadi kuosha sufuria la mwisho saa nne usiku, huku tangawizi yake ikingoja kupaliliwa, maji ya mfereji huu hayafiki shambani kwake. Huyo ni mfanyakazi. Vivyo hivyo mlinzi wa usiku, mchanja kuni na mchota maji. Kanisa limefundisha juu ya ujira wa haki tangu waraka wa Papa Leo XIII, Rerum Novarum, wa mwaka 1891, na Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 1971 ilikaza kwamba anayewahubiria wengine haki lazima yeye mwenyewe aonekane mwenye haki. Nchi yetu nayo ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Tunapowaambia wenye mashamba wawalipe vibarua wao, halafu mama yule anaondoka kambini na kipande cha sabuni na neno la asante, watu wanatusikia vibaya.

Kama mama huyo mwenyewe, kwa moyo wake, anataka kutoa siku zake saba kuwa sadaka, na atoe. Ila kwanza aambiwe ujira wake ni kiasi gani, ili anachotoa kiwe ni chake. Sadaka haikatwi na mwingine kwa niaba ya mtoaji.

Mkuu wa kambi na walezi wa makundi

Kambi inahitaji mkuu mmoja. Si kamati ya watu kumi na wawili, wala si paroko aliye na misa vigangoni mitatu siku hiyo hiyo. Awe mtu mzima aliyekomaa, mwalimu, sista au mzazi, anayelala kambini tangu usiku wa kwanza hadi wa mwisho. Kazi yake ya kwanza ni daftari. Kila mtoto aandikwe jina lake, umri, kijiji, jina la mzazi au mlezi na namba ya simu, maradhi aliyo nayo, na nani atakayekuja kumchukua. Watoto wahesabiwe asubuhi, mchana, na kabla ya kulala. Kuna watu huona kuhesabu watoto ni kazi ya kishule isiyo na baraka. Sisi twasema mchungaji wa Injili alijua kwamba kondoo mmoja amepotea kwa sababu alikuwa amewahesabu.

Chini ya mkuu wa kambi wapo walezi wa makundi. Kwa maoni yetu mlezi mmoja asipewe watoto zaidi ya kumi, na wakiwa wadogo zaidi ya miaka tisa, wasizidi sita. Lakini je, watoto wadogo hivyo waje kambini kulala? Machi 2023 Kamishna wa Elimu alitoa waraka wa kusimamisha huduma ya bweni kwa watoto wa madarasa ya awali hadi darasa la nne, kwa sababu watoto wa umri huo wanahitaji malezi ya nyumbani. Waraka ule uliandikwa kwa ajili ya shule, haukutaja kambi zetu. Hata hivyo hoja yake inatuhusu. Mtoto wa darasa la pili aje mchana, acheze, ale, aimbe, kisha jioni arudi kwa mama yake.

Na hapa hapana budi tuseme jambo ambalo halijazoeleka. Walezi wetu wengi wa makundi ni vijana wa sekondari, wa kidato cha pili na cha tatu. Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009, inasema mtoto ni kila mtu aliye chini ya miaka 18. Maana yake ni kwamba binti wa miaka 16 anayeongoza nyimbo na kugawa uji ni mtoto yeye mwenyewe. Anastahili kulindwa sawa na wale anaowaongoza, na zaidi kidogo, kwa sababu yeye ndiye anayetumwa stoo usiku, ndiye anayebaki nyuma kupanga viti, ndiye anayepewa lifti na watu wazima. Kijana wa namna hiyo aitwe msaidizi, asiitwe mlezi. Asiachiwe kundi peke yake, asilale na watoto wadogo bila mtu mzima, na wazazi wake watie sahihi kama wazazi wa mtoto mwingine yeyote. Nguvu zake tunazihitaji sana, maana pasipo vijana kambi inageuka kuwa semina ya wazee. Ila tusimtwike mzigo wa kutolea hesabu maisha ya wenzake.

Usiku

Tumetenga sehemu ya pekee kwa ajili ya usiku, na mtatuvumilia tukikaa hapa muda mrefu kuliko kwingine.

Mchana kambi inajiendesha nusu yake kwa nyimbo na mpira. Usiku ndipo inapojulikana kama ina wenyewe. Mwezi Juni 1994, katika mkoa wetu huu wa Kilimanjaro, bweni la shule ya sekondari ya wasichana ya Shauritanga, Rombo, liliteketea kwa moto usiku, na wasichana zaidi ya 40 wakafa. Agosti 2009 wasichana 12 walikufa katika moto wa bweni la Idodi, Iringa, na chanzo kilichotajwa ni mshumaa. Septemba 2020 ikawa zamu ya Kyerwa, watoto 10. Hizo zilikuwa shule, zenye mabweni yaliyojengwa yawe mabweni. Sisi tunawalaza watoto katika madarasa yenye nondo madirishani na mlango mmoja, juu ya mikeka na nyasi kavu, kisha tunafunga kwa nje "ili wasitoke". Ndugu zetu, mlango wa mahali walipolala watoto usifungwe kwa nje hata kidogo. Anayetaka kuzuia watu wasiingie aweke mlinzi, siyo kufuli. Mishumaa na vibatari visiingie bwenini. Tochi na taa za jua sasa zinapatikana kila gulio. Na usiku wa kwanza, kabla ya sala, watoto wote waonyeshwe mlango na wajaribu kutoka haraka, waucheke mchezo huo wanavyotaka.

Mlezi wa bweni awe mtu mzima wa jinsia ile ile ya watoto, na wawe wawili, kamwe asiwe mmoja. Walale mlangoni, vitanda vyao vikionekana na wote. Mtu mzima asimwite mtoto chumbani kwake, wala asilale naye kitanda kimoja kwa kisingizio cha upungufu wa magodoro. Hatusemi haya kwa sababu tunamshuku kila mmoja wenu. Tunayasema kwa sababu mwenye nia mbaya hutafuta mahali ambapo wema wamezoea kutoulizana. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka adhabu kali, na Hayati Papa Fransisko kwa waraka wake Vos estis lux mundi wa Mei 2019, alioutoa upya Machi 2023, aliwabana mapadre na watawa wote kutoa taarifa wanapojua au kuona dalili za mtoto kudhulumiwa. Kanuni ya watu wawili inamhusu na padre. Akitaka kuzungumza na mtoto, azungumze uwanjani chini ya mti, wengine wakiwaona ingawa hawasikii, na kiti cha maungamo kiwekwe kanisani mahali pa wazi.

Kuna mambo madogo ya usiku ambayo hayaandikwi katika miongozo. Yupo mtoto anayekojoa kitandani. Mlezi mzuri humjua tangu usiku wa kwanza, humwamsha saa sita kimya kimya, na alfajiri huanika shuka lake pamoja na mengine kana kwamba ni siku ya kufua. Mlezi mbaya humtangaza mstarini. Mtoto huyo hatarudi kambini, na huenda hatarudi kanisani. Yupo binti ambaye hedhi yake ya kwanza itamjia kambini, mbali na mama na shangazi. Mlezi wa bweni la wasichana awe na taulo za kike katika sanduku lake, na awe mtu ambaye binti anaweza kumfuata bila kupitia kwa mwanamume yeyote. Na yupo anayelia tu kwa kuwa amekumbuka nyumbani. Huyo asichapwe, wala asiambiwe kwamba watoto wa Yesu hawalii. Apewe maji, akae na mlezi, na siku ya pili akizidi, apigiwe mama yake simu aje amchukue. Kambi si kifungo. Kwa habari ya fimbo tutasema neno moja: kambini kwetu haipo, hata kwa yule aliyetoroka kwenda kuogelea.

Jikoni, stoo na dawa

Mpishi tumekwisha kumtaja. Tuongeze kwamba jiko liwe mbali na mahali pa kulala, watoto wasichote uji wa moto wenyewe, na mpishi mwenye homa ya matumbo au kuhara apumzishwe siku hiyo huku akilipwa, la sivyo ataficha ugonjwa wake. Maji ya kunywa yachemshwe, hata kama yametoka bombani. Hapa Same tumeyangoja maji ya Nyumba ya Mungu miaka mingi mpaka mradi ulipozinduliwa mwaka 2025, na furaha ya kuyaona isitufanye tusahau sufuria la kuchemshia.

Mtunza stoo awe mtu mwingine, si mpishi, na funguo zisiwe mikononi mwa mtu mmoja aliye ndugu wa mwenye duka. Aandike kinachoingia na kinachotoka: mahindi, maharage, mafuta, kuni. Jumuiya zetu Ndogo Ndogo huchanga debe debe la mahindi kwa ajili ya makande, na ni vizuri. Lakini debe lenye ukungu lisipokelewe kwa kumwonea haya aliyelileta. Mwaka 2016 sumu kuvu katika mahindi iliwaua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na miongoni mwa walioathirika walikuwa watoto. Haya ya mtunza stoo ni hatari kuliko njaa.

Kila kambi iwe na muuguzi au tabibu, hata kama ni wa zamu kutoka zahanati ya jirani, na gari au pikipiki ya kumfikisha mgonjwa hospitali usiku ijulikane kwa jina la dereva wake. Watoto wa milimani wanaoteremka Kisiwani au Ndungu walale ndani ya vyandarua, kwa kuwa hawajazoea malaria ya tambarare. Lakini kazi ya muuguzi iliyo nyeti kupita zote ni sanduku la dawa. Wapo watoto wa pumu, wa kifafa, wa selimundu. Wapo pia watoto wanaomeza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kila siku kwa saa ile ile, na wengine katika hao hawajaambiwa na wazazi wao ni dawa ya nini. Mzazi amekuamini kwa kukwambia. Basi dawa zote, za wote, zihifadhiwe na muuguzi, na watoto wote wenye dawa yoyote waitwe pamoja "kwa muuguzi", ili asiyekuwa na haja asijue nani anameza nini. Mkuu wa kambi hahitaji kujua jina la ugonjwa. Mwenyekiti wa Walei hahitaji. Paroko naye hahitaji, isipokuwa mzazi mwenyewe amemwambia.

Juu ya safari hatutaongeza mengi. Wote mnalijua lililotokea hapa Same tarehe 28 Juni 2025, eneo la Sabasaba, mabasi mawili yalipogongana na kuwaka moto na watu zaidi ya 30 wakafa. Watoto wasipakiwe nyuma ya kenta, wasisafiri usiku, na dereva alipwe vizuri ili asilazimike kukimbilia abiria wengine baada ya kutushusha.

Mtoto anaposema

Kambi hufungua vinywa. Mtoto aliyekaa mwaka mzima bila kusema, siku ya nne, wakati wa kuosha sahani, humgeukia mlezi na kumwambia kwamba mjomba anamfanyia hivi, au kwamba ameshatafutiwa mume, au kwamba harudi shule kwa kuwa anapelekwa mjini kufanya kazi za ndani. Ndiyo maana tulisema jibu la Tume litaonekana lenyewe.

Mlezi afanye nini? Asikilize. Asimhoji kama polisi, asimwambie "hapana, mjomba wako ni mtu wa kanisa", na asimwahidi kwamba hatamwambia mtu. Siri ya Kitubio ni ya padre, na ni ya Kitubio tu. Mlezi hana siri hiyo, na padre naye asiigeuze kuwa blanketi la kufunikia kila alichoambiwa nje ya maungamo. Mlezi amwambie mtoto kwamba amefanya vema kusema, na kwamba watamtafuta mtu wa kumsaidia. Kisha siku hiyo hiyo amwarifu mkuu wa kambi, waandike maneno ya mtoto kama alivyoyasema, na taarifa ifike kwa ofisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Simu namba 116 ni ya kuwasaidia watoto na haitozwi malipo. Sheria ya Mtoto, kifungu cha 95, inamfanya kila mwanajamii mwenye habari za haki ya mtoto kuvunjwa kuwa na wajibu wa kuitaarifu serikali za mitaa. Hakisemi mwanajamii huyo kwanza amwombe ruhusa paroko wake.

Tunajua mtasema: tunaishi kijiji kimoja na mjomba yule, tunachota maji mfereji mmoja, ukoo wake ni mkubwa. Ni kweli, na hatutaki kuwadanganya kwamba ni jambo jepesi. Kwa sababu hiyo taarifa isiende kwa jina la mlezi mmoja. Iende kwa jina la kambi, ikiwa na sahihi ya mkuu wa kambi, ili ukoo ukitaka kugombana ugombane na parokia nzima. Watu wa milima hii mwaka 1945 waliteremka kwa maelfu wakapiga kambi hapa Same kupinga kodi ya mbiru, wakiwa wengi na neno lao likiwa moja. Hakuna sababu ya mlezi wa Vunta au Bombo kusimama peke yake mbele ya mtu mmoja.

Kabla ya kupokelewa

Kila anayetaka kujitolea, awe mzaliwa wa parokia au mgeni kutoka Dar es Salaam au Ulaya, ajaze fomu, aeleze amewahi kufanya kazi na watoto wapi, na alete majina ya watu wawili wa kumdhamini wasio ndugu zake. Wadhamini hao wapigiwe simu kweli. Wageni kutoka nje tunawapokea kwa furaha, lakini ukarimu wetu una tabia ya kumruhusu mgeni mambo ambayo mwenyeji hathubutu kuyafanya, kama vile kuwapiga watoto picha wakiwa wanaoga mtoni na kuzirusha mitandaoni. Tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Picha za kambi zipigwe na mtu mmoja aliyeteuliwa, wazazi wakiwa wamekubali kwa maandishi, na simu za walezi wengine zikae mifukoni.

Walezi wote wafundwe siku mbili kabla watoto hawajafika, siyo jioni ya kuwapokea. Siku hizo mbili pia ni za kuwajua wao kwa wao: nani ana subira, nani ana sauti ya kuimba, nani ana hasira za haraka ambaye ni afadhali apewe kazi ya kuni na maji.

Tumewaletea mfano wa fomu tatu: ya mtoto, ya msaidizi aliye chini ya miaka 18, na ya mtu mzima anayejitolea. Pamoja nazo ipo karatasi ya mapatano ya ujira wa mpishi, mlinzi na dereva, yenye nafasi ya kuandika kiasi, siku ya kulipwa, na sahihi za pande zote mbili. Zipo kwa makatibu wenu wa parokia. Mkuu wa kambi ateuliwe mapema, walau miezi mitatu kabla, na bajeti ianze kuandikwa kwa mstari wa ujira, kisha chakula, kisha dawa na usafiri. Fulana ziandikwe mwishoni, kama kitu kitabaki.